Ubongo Ukiugua, Mtu Yu Wapi?



Swali nitakalolisema mwezi huu si geni kwa wazee wa kanisa. Huulizwa katika baraza za usharika, na mara nyingi huulizwa kwa huzuni. Yuko mtu aliyekuwa mpole miaka yote, akapatwa na kiharusi, na sasa hutukana watu hata ndani ya nyumba ya Mungu. Yuko mama mkongwe aliyewafundisha watoto Amri Kumi tangu ujana wake, na leo hawezi kuisema hata moja, wala halijui jina la mwanawe anayemlisha. Yuko kijana mwenye kifafa, ambaye watu humkimbia aangukapo. Basi wazee huuliza: Je, huyu atukanaye ametenda dhambi, naye atengwe? Je, mama yule aliyesahau imani ameipoteza? Je, kijana yule ana pepo? Na chini ya maswali hayo matatu limo moja lililo kubwa zaidi: ubongo ukiugua, mtu mwenyewe yu wapi?

Hatuwezi kulijibu vema kama hatukijui kiungo chenyewe. Kwa hiyo kwanza tuitazame kazi ya Muumba, kisha tutafakari.

Ubongo umewekwa ndani ya fuvu la kichwa kama nazi ilivyo ndani ya kifuu chake. Uzito wake kwa mtu mzima ni kadiri ya gramu 1,300 au 1,400, nao ni laini sana. Umefunikwa kwa tando 3, na kati ya tando hizo mna maji safi, kadiri ya mililita 150, yanayouzunguka ubongo na ugwe wa mgongo, ili kichwa kikitikiswa ubongo usigonge mfupa kwa nguvu. Ndani yake mna chembe za fahamu kadiri ya bilioni 86, na kila moja yaweza kupashana habari na nyingine maelfu. Ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini katika hewa ya oksijeni inayotumiwa na mwili uliotulia, ubongo hutwaa kadiri ya sehemu 20 katika 100. Damu isipoufikia kwa sekunde chache, mtu huzimia. Isipoufikia kwa dakika chache, sehemu zake huanza kufa.

Umegawanyika sehemu kuu 3. Ya kwanza ni ubongo mkubwa, wenye nusu mbili, ambao kwa huo twaona, twasikia, twasema, twakumbuka na kupima shauri. Ajabu yake ni hii, kwamba nusu ya kushoto hutawala mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia hutawala wa kushoto. Ya pili ni ubongo mdogo, uliopo kisogoni, ambao hutupatanisha viungo ili tusimame bila kuyumba na kutia uzi katika tundu la sindano. Ya tatu ni shina la ubongo, ambalo hutunza pumzi na mapigo ya moyo hata tukilala usingizi.

Kutoka shina hilo hushuka ugwe laini, mwembamba kama kidole, upitao ndani ya pingili za uti wa mgongo. Pingili hizo ni 33 kwa hesabu: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na zile za chini zilizoshikamana. Ugwe wenyewe, urefu wake kadiri ya sentimita 45, haufiki mwisho wa mgongo, bali hukoma mwanzoni mwa kiuno. Kwake hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu ziendazo mwilini kote. Mishipa mingine huleta habari za maumivu, joto na baridi. Mingine hupeleka amri kwa viungo. Mtu akivunjika shingo na ugwe ukakatika, hawezi kuiamuru miguu yake wala kuisikia, ingawa miguu yenyewe ni mizima na ubongo ni mzima. Njia ndiyo iliyokatika.

Tena liko jambo moja la ugwe huu ambalo nawaomba mlishike, maana tutalihitaji mbele. Mtoto agusapo chungu cha moto, mkono wake hurudi kabla yeye hajajua kwamba ameungua. Habari hufika katika ugwe, na ugwe hutoa amri papo hapo, bila kungoja shauri la ubongo. Mkono umekwenda, lakini mtoto hakukusudia.

Labda mwinjilisti mmoja atasema: Lakini Maandiko hayasemi kwamba mtu hufikiri kwa ubongo, husema moyo. Ni kweli. Watu wa kale wengi walisema hivyo. Wamisri walipohifadhi maiti za wakuu wao waliuacha moyo kifuani kwa heshima, na ubongo waliutoa kwa njia ya pua wakautupa. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alidhani kazi ya ubongo ni kuipoza damu. Walakini katika Wayunani hao hao, yapata miaka 400 kabla ya Kristo, waganga wa shule ya Hippocrates waliandika kwamba kifafa, ambacho watu walikiita ugonjwa mtakatifu, si kitakatifu kuliko magonjwa mengine, nacho hutoka katika ubongo. Sisi nasi husema kwamba mtu amevunjika moyo, au ana moyo mgumu, wala hatuitaji nyama ile ipigayo kifuani. Twataja mtu wa ndani. Maandiko nayo yasemapo moyo humtaja mtu wa ndani mbele za Mungu. Hayakuandikwa kutufundisha kazi ya kila kiungo. Kwa hiyo mwenye kujifunza habari za ubongo hapingani na Neno la Mungu.

Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza. Mwaka 1848, tarehe 13 Septemba, huko Vermont katika Marekani, kijana mmoja jina lake Phineas Gage, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa msimamizi wa watu waliopasua miamba kwa ajili ya njia ya reli. Baruti ikalipuka kabla ya wakati wake, na mtaimbo wa chuma, urefu wake zaidi ya mita 1 na uzito wake kilo 6, ukaingia chini ya shavu lake la kushoto ukatokea utosini. Hakufa. Baada ya muda mfupi alisema na kutembea. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba mtu yule aliyekuwa mtaratibu na mwenye kuaminiwa kazini amekuwa mwenye matusi, mkaidi, asiyedumu katika shauri lolote, hata rafiki zake walisema kwamba si Gage tena. Sehemu ya mbele ya ubongo wake ndiyo iliyoharibika.

Twaweza kusema nini juu ya habari hii? Mtaimbo umepita kichwani, na upole umeondoka. Je, upole ule ulikuwa nini? Kama ulikuwa nyama tu, basi mema yetu yote ni nyama, na maovu yetu yote ni nyama, na hakuna wa kusifiwa wala wa kulaumiwa. Na kama upole haukuwa nyama, mbona chuma kiliweza kuuondoa?

Katika swali hili ziko njia mbili za kupotea. Njia ya kwanza ni ya wale wasemao: Mtu ni ubongo wake, basi. Ukiharibika, mtu amekwisha. Kilichobaki ni mwili unaokula. Njia ya pili ni ya wale wasemao: Ubongo si kitu, yote atendayo mtu yatoka rohoni mwake, basi akitukana ni dhambi yake, na akianguka ni pepo. Wa kwanza hujiona wenye elimu, na wa pili hujiona wenye imani, lakini mwisho wao ni mmoja, kwa kuwa wote wawili humwacha mgonjwa nje ya mlango.

Wengine hujaribu kutoka kwa mfano wa mpiga zeze: roho ni mpigaji na ubongo ni zeze, nyuzi zikikatika, wimbo huharibika, ijapokuwa mpigaji yu mzima. Mfano huu wafaa kidogo, kwa maana watufundisha tusimlaumu mpigaji kwa ajili ya nyuzi. Walakini una mpaka. Mkristo hasemi kwamba mwili ni chombo tu ambacho roho itakitupa siku moja na kufurahi. Sisi twaungama ufufuo wa mwili. Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, aelezapo imani kwa Mungu Muumba, huhesabu mwili na roho, macho na masikio, akili na fahamu, yote pamoja kuwa vipawa vya Mungu mmoja. Basi ubongo ni kipawa kweli kweli, nao ukiugua ni msiba kweli kweli. Tusijifanye kwamba mtu hakupungukiwa na kitu. Lakini kipawa si mtu mwenyewe. Aliyepewa akaibiwa bado ni yule yule aliyepewa.

Nanyi mwaniuliza: Ni yule yule kwa nini, ikiwa yeye mwenyewe hajijui? Jibu langu latoka mahali ambapo wazee wote wapajua, yaani penye maji ya ubatizo. Mtoto mchanga tumletaye kanisani, ubongo wake haujafika nusu ya uzito utakaokuwa nao, na sehemu za mbele hazitakomaa mpaka apite miaka 20. Hajui jina lake, hawezi kuungama, wala hamjui Bwana Mungu kwa fahamu zake. Walakini sisi Walutheri twambatiza bila shaka, tukisema kwamba Mungu humshika yeye kabla yeye hajaweza kumshika Mungu. Sasa, kama twasema hivyo kwa mtoto ambaye akili yake haijafika, kwa sababu gani tuseme vingine kwa mkongwe ambaye akili yake imeondoka? Tukimkana huyu, tumekana ubatizo wa yule. Nabii Isaya, katika sura ya 49, ataja kwamba mama aweza hata kumsahau mtoto wake, lakini Mungu hawezi kuwasahau walio wake. Mama yule asiyelijua jina la mwanawe ajulikana jina lake mahali pengine. Mtu alivyo hakukuwekwa katika kumbukumbu yake mwenyewe, bali katika kumbukumbu ya Mungu.

Sasa tulitazame neno la hatia, maana mzee wa kanisa hawezi kwenda barazani na fikira tupu. Kumbukeni ule mkono uliorudi kutoka chungu cha moto. Hakuna mzazi amwadhibuye mtoto kwa sababu mkono wake ulirudi, hata kama katika kurudi umemwaga maziwa. Lakini mtoto huyo huyo akiinua mkono ampige ndugu yake, ataadhibiwa. Mkono ni mmoja, bali katika tendo la pili mlikuwa na kusudi. Basi wazee wapimapo shauri la mtu aliyegeuka tabia, waulize mambo haya matatu. Kwanza, je, mageuzi yalianza baada ya ugonjwa, homa kali, au pigo la kichwa? Pili, je, aweza kujizuia, au hutenda hata pale ambapo hapati faida yoyote, bali aibu tu? Tatu, je, daktari amemwona? Hayo yasipoulizwa, hukumu ya baraza si hukumu, ni hasira.

Lakini mtu asilifanye neno hili kuwa kichaka cha kujifichia. Mlevi apigaye mke wake hawezi kusema kwamba ni ubongo tu uliotenda, kwa kuwa kikombe cha kwanza alikishika akiwa na akili timamu. Hata yule asiye na hatia kabisa, akidhuru watu nyumbani mwake lazima azuiwe. Si haki kumwambia mke apigwaye avumilie kwa sababu mume ni mgonjwa. Kutokuwa na hatia ni jambo moja, na kulindwa kwa wanyonge ni jambo jingine; kanisa lina wajibu kwa yote mawili. Tena tusifunge hesabu ya mtu mapema. Gage yule, baada ya miaka michache, alikwenda nchi ya Chile akaendesha magari ya farasi safari ndefu, kazi ihitajiyo uangalifu na taratibu, hata wataalamu wengi wa leo wadhani kwamba alikuwa amepata nafuu kubwa kabla ya kufa kwake mwaka 1860.

Na kijana mwenye kifafa? Najua mtanikumbusha yule mtoto aliyeletwa kwa Bwana Yesu, ambaye alianguka motoni na majini, naye Bwana akamkemea pepo. Mimi siliondoi neno hilo. Lakini msome pia Mathayo sura ya 4, ambapo wenye pepo wametajwa kando, na wenye kifafa kando, na wenye kupooza kando, naye Bwana akawaponya wote. Mwinjili aliweza kuwatofautisha. Kwa nini sisi tuwachanganye? Kifafa ni msukosuko wa ghafula wa nguvu ya umeme iliyomo katika chembe za ubongo. Huweza kuletwa na taabu wakati wa kuzaliwa, na malaria kali, na homa ya uti wa mgongo, na pigo la kichwa, na hata mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kinywani kwa uchafu, kisha watoto wa mnyoo huyo wakakaa ubongoni. Hakiambukizi. Povu litokalo kinywani ni mate tu. Huko Mahenge, tangu mwanzo wa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wenye kifafa ambao watu waliogopa kuwagusa, na wengine walikuwa na makovu ya moto kwa sababu walianguka mekoni. Walipopewa dawa kila siku, wengi walipata nafuu.

Kwa hiyo mtu akianguka kanisani, msikimbie. Mwondoeni penye moto au vitu vigumu, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, wala msimkandamize. Mwombeeni, nanyi mkae naye mpaka aamke. Kikizidi dakika 5, au kikimrudia kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali. Na mtu yeyote amwambiaye mgonjwa aache dawa ili kuonyesha imani yake, huyo amemjaribu Mungu kwa maisha ya mtu mwingine.

Kanisa letu lina urithi katika jambo hili, wa heri na wa kuonya. Mwaka 1867 huko Bielefeld katika Ujerumani nyumba ilifunguliwa kwa ajili ya wenye kifafa, na tangu mwaka 1872 mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliiongoza, ikaitwa Betheli. Wamisionari wa Betheli ndio waliofanya kazi Usambara. Huko Lutindi, mahali palipoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, pakawa mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ya wagonjwa wa akili. Lakini katika nchi ile ile ya Ujerumani, mwaka 1933, serikali ya Hitler ilitoa sheria ya kuwaondolea uzazi wenye kifafa, wenye wazimu na wengine, na hata katika nyumba za kanisa sheria hiyo ilitimizwa. Kisha tangu mwaka 1940 hata Agosti 1941 wagonjwa kadiri ya 70,000 waliuawa kwa hewa ya sumu, na baada ya hapo wengine wengi kwa njaa na kwa dawa. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliyeandika kupinga mwaka 1940 alitiwa kifungoni. Mauaji hayo yalitangulizwa na fikira iliyoonekana ya kielimu, kwamba thamani ya mtu ni kadiri ya akili yake. Ndiyo sababu nasema swali hili si mchezo wa wasomi. Wazee wetu walisema, Hujafa hujaumbika. Nao walijua kwamba amchekaye mwenye akili pungufu hajui kesho yake.

Limebaki neno la Meza ya Bwana. Wengine humzuia mkongwe aliyesahau, wakitaja 1 Wakorintho sura ya 11, kwamba kila mtu ajihoji nafsi yake kabla ya kula. Lakini someni tangu mwanzo wa habari ile. Paulo aliwakemea wenye nguvu na wenye shibe, waliokula mbele na kuwatahayarisha ndugu wasio na kitu. Amri ya kujihoji walipewa wawezao kujihoji, ili wasiwadharau wanyonge. Tukiitwaa amri hiyo na kumfukuzia mnyonge mezani, tumefanya lile lile ambalo Paulo alilikataza.

Basi nawasihi, wazee na wainjilisti, fanyeni hivi. Andikeni majina ya wagonjwa wa namna hii katika usharika wenu, maana mara nyingi wamefichwa vyumbani. Watembeleeni, na muimbe nao nyimbo walizojifunza utotoni, kwa kuwa mara nyingi wimbo hukaa baada ya maneno mengine kuondoka. Wapelekeeni Chakula cha Bwana nyumbani. Wasaidieni wale wanaowatunza, angalau siku moja katika juma, wapate kulala. Na mtu akiwauliza, mama yule asiyejua lolote yu wapi, mjibuni kwamba yu mkononi mwa Mungu, na kitanda chake ki katika nyumba fulani ya kijiji chetu, nasi twaenda kumwona Jumapili baada ya ibada.